Kani Mbili Zilizokataa Kuwa Moja

Mwaka 1794, miezi michache baada ya Robespierre kukatwa kichwa, serikali ya mapinduzi ya Ufaransa ilitangaza mtihani wa kuingia shule mpya mjini Paris. Nchi ilikuwa vitani na majirani zake, wahandisi hawakutosha, na shule hiyo, ambayo mwaka uliofuata ilipewa jina la École Polytechnique, ilikusudiwa kuwapata wengine upesi. Miongoni mwa waliojitokeza alikuwamo kijana wa miaka 17, Louis Poinsot, mwanafunzi wa shule ya Louis-le-Grand. Jiometri aliimudu. Aljebra ilimshinda. Watahini walimpokea hivyo hivyo, na fizikia ina deni kwao.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1803, Poinsot alichapisha kitabu kuhusu msawazo wa kani, *Éléments de statique*. Humo alikipa jina na heshima kitu ambacho leo kila mwanafunzi wa fizikia hukutana nacho katika madarasa ya mwanzo: jozi ya kani. Ni kani mbili sambamba, zenye ukubwa sawa, zinazoelekea pande zinazopingana. Vitabu vya shule huipa jozi hiyo nusu ukurasa mwishoni mwa mada ya momenti: mchoro wa usukani wa gari, mikono miwili, mishale miwili, fomula moja, kisha maswali. Mwanafunzi hutoka hapo akiamini kwamba amesoma nyongeza ndogo. Kumbe katika mada ile yote hakuna kilichochelewa kueleweka kama hicho. Wenzo ulikuwa na kanuni yake karne tatu kabla ya Kristo. Jozi ilisubiri zaidi ya miaka elfu mbili, ingawa mikono ya mafundi ilikuwa ikiitumia kila siku.

Ili kuona kwa nini, tuanze na kani sambamba zinazoelekea upande mmoja. Watu wawili wamebeba mzigo wa nyutoni 500 uliotundikwa kwenye mti, mti uko mabegani mwao, na kati ya bega na bega kuna mita 2. Mzigo ukiwa nusu mita kutoka kwa aliyetangulia, yeye atabeba nyutoni 375 na wa nyuma 125. Kani zao mbili za kwenda juu zinajumlika kuwa 500, na jumla hiyo hupita palepale mzigo ulipo, karibu zaidi na mwenye kani kubwa. Kani moja ya namna hiyo, inayoweza kushika nafasi ya nyingi bila tofauti yoyote kuonekana, huitwa kani tokeo. Mpaka hapa hakuna tatizo: mbili zimekuwa moja, na hiyo moja ina ukubwa wake na mahali pake.

Sasa geuza moja ielekee chini. Weka nyutoni 30 kwenda juu, na mita 1 kando yake nyutoni 20 kwenda chini. Tokeo ni nyutoni 10 kwenda juu, lakini halipiti tena katikati ya kani hizo mbili. Limetoka nje, mita 2 upande wa pili wa ile kani kubwa. Punguza kani kubwa iwe 21: tokeo linakuwa nyutoni 1, nalo liko umbali wa mita 20. Ipunguze iwe 20.1: tokeo ni sehemu ya kumi ya nyutoni, umbali wa mita 200. Kadiri kani mbili zinavyokaribia kulingana, tokeo linadhoofika na kukimbia mbali. Zikilingana kabisa, tokeo ni sifuri na mahali pake hapapatikani popote. Hata hivyo kitu kilichoshikwa na kani hizo hakitulii. Kinazunguka.

Hesabu yote ya kani ilikuwa imejengwa juu ya tumaini la kuzikusanya nyingi ziwe moja. Hapa kuna kani mbili zinazokataa, na kwa muda mrefu wataalamu waliliona jambo hili kama shimo barabarani: unalikwepa, unaendelea na safari.

Tumaini hilo lilizaliwa kwenye mizani. Kuna kitabu cha kale cha Kiyunani kiitwacho *Maswali ya Umakanika*, kilichohesabiwa kwa karne nyingi kuwa cha Aristotle, ingawa wanazuoni wengi leo wanaona kiliandikwa na mfuasi wa shule yake. Kina maswali 35, na ni maswali ya watu waliotazama kazi kwa macho. Kwa nini wapiga makasia wa katikati ya chombo ndio wanaokisogeza zaidi? Kwa nini usukani mdogo huigeuza merikebu kubwa? Koleo la kung'olea jino linapata wapi nguvu yake? Jibu lake karibu kila mara linarudi kwenye duara: ncha iliyo mbali na kitovu hupita njia ndefu kwa muda uleule, kwa hiyo huhamisha zaidi. Lina harufu ya ukweli, ila si uthibitisho.

Uthibitisho ulitoka Sisilia. Archimedes wa Syracuse, aliyeuawa mwaka 212 K.K. askari wa Kirumi walipouteka mji wake, alianza na madai ambayo hakuna angeyapinga: uzito sawa katika umbali sawa husawazika, na uzito sawa katika umbali usio sawa huinamia kwenye umbali mkubwa. Kutoka hapo alipanda hadi kwenye kanuni kamili ya wenzo. Njia yake ni nzuri mno kuipita haraka. Tuseme upande mmoja wa egemeo una uzito wa 4 katika umbali wa 1, na upande wa pili uzito wa 2 katika umbali wa 2. Gawanya ule wa 4 katika vipande vinne vilivyo sawa na uvitandaze juu ya urefu wa vipimo vinne, nusu kushoto na nusu kulia ya mahali ulipokuwa. Ule wa 2 ufanye vivyo hivyo juu ya vipimo viwili. Safu mbili zinakutana bila pengo wala kupandana. Sasa una safu moja ya vipande sita vilivyopangika sawasawa, na katikati yake ndipo penye egemeo. Kwa nini iinamie upande wowote?

Ernst Mach, mwanafizikia wa Austria, aliushambulia uthibitisho huu katika kitabu chake cha mwaka 1883 kuhusu historia ya umakanika. Alisema kwamba anayekubali kuutandaza uzito bila kubadilisha athari yake ameshakubali kimyakimya kile anachotaka kukithibitisha. Hoja ya Mach ina nguvu. Hata hivyo haiondoi ukubwa wa alichofanya Archimedes, kwa sababu palepale alionyesha kuwa uzito uliotawanyika unaweza kuhesabiwa kana kwamba wote umekaa nukta moja, kitovu cha uzito. Akaenda mbele akatafuta kitovu cha pembetatu. Katika kitabu kingine, ambacho nakala yake ilitambuliwa mwaka 1906 na Johan Ludvig Heiberg huko Konstantinopoli ikiwa imefutwa na kuandikwa sala juu yake, anaeleza jinsi alivyopima maumbo ya jiometri kwa kuyaning'iniza katika mizani ya mawazo.

Lakini katika dunia ya mizani kila kani huelekea chini. Jiwe halina uzito wa kwenda juu. Egemeo linasukuma juu, ni kweli, ila wakati ule halikuhesabiwa kama kani, lilihesabiwa kama mahali. Kani zikiwa zote za upande mmoja, tokeo lipo daima, na lina mahali daima. Yule aliyejifunza umakanika kwenye mizani hakuwa na njia ya kukutana na jozi. Chombo chenyewe kiliificha.

Mizani ilisafiri. Baghdad ya karne ya 9 ilikuwa na Thabit ibn Qurra, mzaliwa wa Harran ambaye inasimuliwa alikuwa mvunja fedha kabla Muhammad bin Musa, mmoja wa ndugu watatu wa Banu Musa, hajakutana naye na kumchukua. Thabit aliandika kitabu kuhusu qarastun, mizani yenye mkono mmoja mfupi na mmoja mrefu, ambayo uzito mdogo unasogezwa juu ya mkono mrefu hadi usawazike na mzigo. Swali lake lilikuwa la mtu aliyeishika mizani hiyo: mkono wenyewe una uzito, je, tuuhesabu vipi? Alithibitisha kwamba sehemu ya mti iliyo sawasawa urefu wake wote inaweza kuondolewa na mahali pake kutundikwa uzito ulio sawa nayo, katikati ya sehemu hiyo. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikigeuza kitabu hicho kuwa Kilatini mjini Toledo, na wanafunzi wa Ulaya wakakisoma.

Mashariki zaidi, Khurasan, mizani ilikuwa na maadui pia. Al-Isfizari, mwanazuoni wa zama za Umar Khayyam, alitumia miaka mingi kuunda mizani ya majini ambayo ingetofautisha dhahabu safi na iliyochanganywa. Mwandishi wa wasifu Bayhaqi anasimulia kwamba mtunza hazina wa Sultani Sanjar, akiogopa udanganyifu wake usije ukafichuliwa, aliivunja mizani hiyo na kuvitawanya vipande vyake. Al-Isfizari aliposikia aliugua, akafa kwa huzuni. Kazi ilimaliziwa na Abdurrahman al-Khazini, mtu wa asili ya Rumi, yaani Bizanti, aliyekuwa mtumwa mjini Merv na kusomeshwa na bwana wake. Kitabu chake *Mizan al-Hikma* cha mwaka 515 Hijria, yaani 1121 au 1122, kinaanza na maneno marefu kuhusu haki, kisha kinakusanya karibu kila kilichojulikana juu ya uzito, vitovu vya uzito na mizani, pamoja na maelezo ya mizani yenye vitanga vitano. Ninapomsoma mtu anayefungua kitabu cha umakanika kwa kuzungumzia haki, naelewa kwa nini chombo hiki kilitawala fikra za watu kwa muda mrefu hivyo. Hakikuwa chombo cha maabara peke yake. Soko, hazina na mahakama vilikitegemea.

Ulaya iliendeleza urithi huo hatua kwa hatua, na hapa nitakwenda haraka. Katika karne ya 13 Jordanus de Nemore, ambaye ametuachia maandishi bila maisha, aliutatua wenzo uliopindika. Leonardo da Vinci aliona katika daftari zake kwamba umbali unaohesabika ni ule unaokatiza mstari wa kani kwa pembe mraba. Galileo alitumia neno momento kwa ule mwelekeo wa kushuka unaotokana na uzito pamoja na mahali ulipo, na mwaka 1638 alitoa uthibitisho wake wa kanuni ya wenzo kwa kuning'iniza gogo moja lililo sawasawa na kulikata sehemu mbili. Pierre Varignon, mwaka uleule wa 1687 ambao Newton alichapisha kitabu chake kikuu, alitoa mpango wa umakanika mpya, na kwake tunahusisha kanuni kwamba momenti ya tokeo ni sawa na jumla ya momenti za kani zilizolizaa. Kufikia hapo momenti ilikuwa hesabu kamili: kani mara umbali. Bado ilikuwa momenti ya kani fulani kuhusu nukta fulani. Kuzunguka kusikokuwa na kani tokeo hakukuwa na makao katika hesabu hiyo.

Aliyelishika jambo hilo mkononi, karne moja kabla ya Varignon, hakuwa profesa. Alikuwa Robert Norman, baharia wa Kiingereza aliyeacha bahari akawa mtengenezaji wa dira mjini London. Dira yenyewe ilikuwa kitu cha zamani kwa mabaharia. Katika Bahari ya Hindi, Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyeyajua maji ya pwani yetu hadi Sofala, alikwisha kuandika juu yake karibu karne nzima kabla ya Norman. Kilichomsumbua Norman ni kazi ya benchi. Alikuwa akisawazisha sindano ya chuma juu ya ncha yake, kisha akiisugua kwa sumaku, na mara tu ilipopata sumaku upande wa kaskazini uliinama kana kwamba umeongezewa uzito. Ilimbidi akate kidogo upande huo ili isawazike tena. Siku moja alikata mno akaharibu sindano nzuri, akakasirika, na hasira hiyo ilimfanya aulize ni nini hasa kinachoivuta.

Matokeo aliyachapisha mwaka 1581. Kwanza alipima vipande vya chuma kwenye mizani ya dhahabu kabla ya kuvipa sumaku na baada yake. Uzito haukubadilika hata kidogo. Kisha akachukua kipande chembamba cha chuma, akakipenyeza kwenye kizibo, akakipunguza kizibo taratibu hadi kikawa kinaelea ndani ya maji ya bilauri, si juu wala chini, kimening'inia katikati ya maji. Akakipa sumaku na kukirudisha. Kiligeuka kuelekea kaskazini na kuinamisha ncha yake, kisha kikabaki palepale. Hakikusogea kwenye ukuta wa kaskazini wa bilauri. Hakikuzama. Kama kuna kitu kilichokuwa kikikivuta, kwa nini hakikwenda kwake?

Norman alihitimisha kwamba sindano haivutwi, ila ina tabia ya kuutazama upande fulani. Leo tungesema ncha moja inavutwa upande huu na ncha nyingine upande ule, kwa kani zilizo sawa na sambamba, na jumla ya kani ni sifuri huku mzunguko ukibaki. Maneno yake yalikuwa na upungufu, lakini jaribio lake halina. Naliweka miongoni mwa majaribio bora kabisa ya karne ile, kwa sababu lilitenganisha kusogea na kuzunguka kwa vifaa ambavyo fundi yeyote angevipata. Lilionyesha pia kwamba mizani, chombo cha haki cha Khazini na cha Archimedes, haikuwa na jicho la kuona kitu hiki. Mizani ya dhahabu ya Norman ilijibu sifuri na ilikuwa inasema kweli.

Karne mbili baadaye sindano ya dira ilizaa mizani ya aina nyingine. Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyerudi kutoka Martinique na afya mbovu, alishiriki tuzo ya Chuo cha Sayansi cha Paris mwaka 1777 kwa kazi kuhusu sindano za sumaku. Alizitundika kwa uzi mwembamba, na hapo akavutiwa na uzi wenyewe: unavyosokotwa na unavyojitahidi kujinyoosha. Mwaka 1784 alitoa sheria za msokoto wa waya. Waya hupinga kusokotwa kulingana na pembe iliyosokotwa, na upinzani huo huongezeka kwa kipenyo kilichopandishwa kipeo cha nne. Waya mwembamba ukipunguzwa nusu ya kipenyo chake unakuwa mwepesi kusokotwa mara 16. Kwa hiyo unaweza kupima vitu vidogo mno. Mwaka uliofuata, kwa mizani ya msokoto, Coulomb alionyesha kwamba chaji za umeme zinasukumana kwa kani inayopungua kwa mraba wa umbali.

Uingereza nako kasisi John Michell alikuwa amebuni chombo cha namna hiyo bila kutegemea kazi ya Coulomb, akafariki mwaka 1793 kabla ya kukitumia. Kilimfikia Henry Cavendish, aliyekiunda karibu upya nyumbani kwake Clapham. Ubao wa urefu wa futi 6, karibu mita 1.83, ulining'inizwa kwa waya mmoja. Kila ncha ilikuwa na tufe dogo la risasi la kipenyo cha inchi 2. Karibu na kila tufe dogo aliweka tufe kubwa la risasi la kilo 158, moja upande huu wa ubao na lingine upande wa pili, ili mivuto yao miwili ipingane kwa mwelekeo na isaidiane kuusokota waya. Alifunga chumba kizima ili pumzi na joto la mwili wake visiiguse hewa, akatazama kwa darubini kutoka nje.

Hii ilikuwa jozi ya kani katika utukufu wake, ingawa neno lenyewe lilikuwa halijazaliwa. Mvuto ambao Cavendish aliutafuta ulikuwa karibu sehemu moja tu ya milioni hamsini ya uzito wa tufe dogo. Ungetaka kuuona kwenye mizani ya kawaida, uzito wenyewe ungeufunika. Lakini uzito wa matufe mawili unaelekea chini, unabebwa na waya, na hauna usemi wowote juu ya msokoto. Jozi peke yake ndiyo iliyobaki kuzungumza. Mwaka 1798 Cavendish alitangaza kwamba Dunia ina msongamano mara 5.48 ya maji. Kipimo cha leo ni karibu 5.51. Dunia ilipimwa na jozi ya kani.

Miaka mitano baadaye kikaja kitabu cha Poinsot. Umakanika wa wakati huo ulikuwa chini ya kivuli cha Joseph-Louis Lagrange, ambaye kitabu chake cha mwaka 1788 kilijivunia kutokuwa na mchoro hata mmoja. Kila kitu kilikuwa milinganyo. Poinsot, yule ambaye aljebra ilimshinda mtihanini, alikwenda upande mwingine. Alitaka kuiona kani ikifanya kazi.

Ufunguo wake ni hatua moja ambayo mtoto anaweza kuifuata. Kani inasukuma kitu kigumu katika nukta A, nawe unataka kuihamishia nukta B. Kwenye B ongeza kani mbili zilizo sawa na ile ya A na sambamba nayo, moja ya upande wake na nyingine ya kupingana nayo. Hujabadilisha chochote, maana hizo mbili zinafutana. Sasa angalia upya: ile ya B inayoelekea upande wa kani ya awali ndiyo kani uliyotaka kuihamisha. Ile nyingine ya B, pamoja na ya A iliyobaki, ni jozi. Kani imehama, na gharama ya safari yake ni jozi moja. Momenti, ambayo tangu Varignon ilikuwa zao la kuzidisha, sasa imepata mwili.

Kutoka hapo Poinsot alionyesha kwamba jozi ni huru kwa namna ambayo kani si huru. Unaweza kuihamisha popote kwenye bapa lake, au kwenye bapa lililo sambamba, na kitu kigumu hakitatambua tofauti. Unaweza kukuza kani na kupunguza umbali kati yake, ilimradi zao lisibadilike: nyutoni 20 kwa mita 1 ni sawa na nyutoni 100 kwa sentimita 20. Momenti yake ni ileile ukiihesabu kutoka nukta yoyote, ndani ya kitu au nje yake. Haina egemeo. Na jozi mbili zinajumlika kama kani zinavyojumlika, kila moja ikiwakilishwa na mstari kwenye mhimili wake.

Hatimaye lilitoka tamko ambalo wahandisi wanalitegemea hadi leo. Kani ziwe ngapi, zielekee kokote, kitu kigumu kinazipokea kama kani moja na jozi moja. Kikitakiwa kitulie, zote mbili lazima ziwe sifuri. Lile tumaini la kale la kupata kani moja tu lilikuwa nusu ya ukweli, na nusu iliyokosekana ni ile iliyokwepwa kama shimo. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa katika statiki yote tangu Archimedes.

Lagrange alifariki Aprili 1813, na Poinsot akachaguliwa kukalia kiti chake katika Chuo cha Sayansi. Mwaka 1834 alirudi na nadharia mpya ya mzunguko wa vitu, akionyesha mwendo wa kitu kinachozunguka bila kushikwa kama umbo linalobingirika juu ya bapa bila kuteleza, na humo alilalamikia hesabu zinazofika kwenye jibu bila msomaji kuona chochote njiani. Wanafizikia waliomfuata walihitaji njia ya Lagrange pia, na waliitumia kwa mafanikio makubwa. Lakini anayefundisha darasani anafundisha kwa njia ya Poinsot. Kitabu chake cha statiki kilichapwa tena na tena, na mwaka 1847 Thomas Sutton alikitoa kwa Kiingereza mjini Cambridge. Kutoka kwenye vitabu vya Kiingereza vya namna hiyo mada ilifika katika mitaala tuliyoirithi Afrika Mashariki.

Na jozi haikubaki vitabuni. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza kabisa iliyoundwa kwa ajili ya kutazama eksirei za angani peke yake. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo kwa niaba ya NASA, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji. Mahali palichaguliwa kwa sababu ya kuwa karibu na ikweta, ambako setilaiti hukwepa sehemu kubwa ya chembe za mnururisho zinazovuruga vipimo.

Uhuru ilipaswa kuelekezwa popote angani kwa amri kutoka ardhini, na huko juu hakuna egemeo wala ukuta wa kusukuma. Gurudumu lililozunguka ndani yake liliuimarisha mhimili wake. Mhimili huo ulipotakiwa kugeuzwa, umeme ulipitishwa ili setilaiti iwe sumaku, na uga wa sumaku wa Dunia ukaishika kwa jozi ya kani, kwa sheria ileile inayoigeuza dira ya nahodha. Iligeuka bila kusukumwa kutoka kwenye njia yake. Kisha ilijizungusha polepole, mara moja kwa takriban dakika 12, na vipokezi vyake viwili vilivyotazama pande zinazopingana vilifagia anga. Kundi la Riccardo Giacconi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, liligundua kwa data zake kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kinatoa mapigo kila baada ya sekunde 4.8, na kwamba ni nyota inayozunguka na mwenzake. Setilaiti ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya eksirei, kila kimoja na mahali pake angani, palipopatikana kwa kujua mhimili wa setilaiti ulikuwa umeelekea wapi wakati huo.